Sadaka ya Mafunzo na Amana ya Imani

Kila mwezi kanisa letu hutenga sehemu ya sadaka kwa ajili ya kuwafundisha wachungaji na wazee wa makanisa ya ng'ambo, na mimi niliyekabidhiwa daftari la mfuko huo naamini kwamba swali la kwanza si kiasi cha fedha kilichotumwa, bali ni mafundisho gani yanatolewa kwa fedha hizo. Paulo alimwagiza Timotheo (2 Timotheo 2:2) awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha wengine, na pia (1 Timotheo 6:20) ailinde amana aliyowekewa. Maagizo hayo mawili hayatenganishwi.

Ndiyo maana tulipopokea mtaala mpya wa mafunzo hayo tuliusoma ukurasa kwa ukurasa, tukaulinganisha na Imani ya Nikea, ungamo la kale la imani ya Kikristo, ambalo msingi wake uliwekwa na mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 325, na penseli ya mzee mmoja ikasimama kwa muda mrefu kwenye somo lililomwahidi utajiri kila atoaye. Tuliandika barua ya upole kuuliza. Wanafunzi wale, ambao husoma huku wakiendelea kuchunga washirika, wanastahili Injili nzima, nasi tunaowalipia ada hatuna budi kukubali mimbari yetu ichunguzwe vivyo hivyo.