Siku moja jikoni Ngamiani, Tanga: baga za maharage na mtama, saa kwa saa

Saa 11 alfajiri

Maharage yamelala majini tangu saa 3 usiku: gramu 500 za maharage mekundu, maji lita 2, chumvi kijiko kimoja cha chakula. Chumvi hiyo huwashtua wengi, maana tumelelewa tukiambiwa inayagomesha maharage. Sivyo. Chumvi ya kulowekea hulainisha ganda. Vinavyoyagomesha ni vitu vichachu kama nyanya, limau na ukwaju, na umri wa maharage yenyewe. Yaliyokaa ghalani miaka miwili hata uyachemshe hadi adhuhuri yatabaki na kiini cha chokaa.

Saa nane majini zinatosha. Kwa joto la Tanga, yakilala zaidi ya saa 12, maji huanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Maji ya kulowekea yanamwagwa yote, kwa sababu yamebeba sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Suuza, weka maji mapya, bandika motoni.

Hapa hatufanyi mzaha: maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Lazima yachemke kwa nguvu, mapovu yanaruka, dakika 10 kwa uchache. Sisi tunakwenda 30, ndipo tunapunguza moto. Anayetumia kikapu cha kuhifadhia joto ili kuokoa mkaa, afanye hivyo baada ya mchemko huo, asiyatie mabichi. Magadi hatutii. Ni kweli yanaharakisha, lakini ganda linayeyuka, ladha inakuwa ya sabuni na vitamini B1 inaharibika.

Saa 12 asubuhi

Jiko la pili linapata mtama mweupe uliokobolewa, gramu 150 kwa maji mililita 600. Ukichemka, punguza moto, acha dakika 40, chuja, kisha urudishe kwenye sufuria kavu, ufunike dakika 10 ujimalizie kwa mvuke wake. Unatoka gramu 400 hivi, punje moja moja, zenye kutafunika.

Mtama mwekundu una uchungu kidogo kwenye ganda, na katika baga uchungu huo unasikika. Wali mweupe unashikana vizuri lakini unalainika mno, baga inakosa cha kutafuna. Ulezi ni mdogo mno kutumika mzima. Nafaka na maharage vinakamilishana pia katika vijenzi vya protini: maharage yana laisini nyingi ambayo mtama una upungufu wake, na mtama unaleta methionini ambayo maharage yana upungufu wake.

Saa 1 asubuhi

Mtu mmoja anabaki na moto, mwingine anakwenda Soko la Mgandini. Karoti nzuri hapa mjini zinashuka kutoka Lushoto. Muulize muuzaji: "Mama, hizi zimeshuka lini?" Kisha ivunje moja. Ikivunjika kwa mlio, chukua. Ikijikunja kama mpira, iache, hata kama bei imepungua. Tunahitaji karoti gramu 200, vitunguu maji gramu 150, kitunguu saumu gramu 20, tangawizi kipande cha gramu 15 na fungu moja la kotmiri. Hoho hatuinunui kwa kazi hii. Ina maji mengi, na maji ndiyo tutakayopigana nayo mpaka mchana.

Saa 2 asubuhi

Maharage yanapimwa kwa vidole. Chota matano kutoka pande tofauti za sufuria, yaminye moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Yote matano yapondeke bila kukwaruza. Likipatikana hata moja lenye unga mkavu ndani, ongeza dakika 15 uonje upya.

Gramu 500 kavu zimekuwa kama 1,150. Chuja kwenye kung'uto dakika 10, kisha yatandaze kwenye sinia la oveni, nyuzi 180, dakika 15. Asiye na oveni ayatandaze kwenye kikaango kipana juu ya moto mdogo, akiyageuza polepole kwa mwiko bapa. Usiyaanike nje. Hewa ya pwani ina unyevu wake, na chakula kilichopikwa kikikaa vuguvugu kinaalika vijidudu. Utajua yamekauka yakianza kupasuka ganda kama udongo wa shamba lililokosa mvua, na mizani ikisoma gramu 1,020 au karibu yake.

Ziko wapi gramu 130 zilizopotea? Ni maji. Kama usingeyatoa sasa, ungeyakuta saa 4 kwenye mchanganyiko unaoteleza, ungeongeza unga ushikane, unga ungefanya baga iwe nzito kama kipande cha ugali, kisha ungeongeza mafuta ipate ladha. Karibu kila baga ya maharage iliyoharibika tunayoonyeshwa imeharibikia hapa. Unga wa ziada ni faini ya maji ambayo hayakutolewa asubuhi.

Saa 3 asubuhi

Karoti zinakwaruzwa, zinanyunyiziwa chumvi kidogo, zinasubiri dakika 10, kisha zinakamuliwa kwenye kitambaa safi. Gramu 200 zinarudi 120. Maji yake matamu usiyamwage, yatafaa kwenye supu.

Vitunguu vinakatwa vidogo, vinawekwa kikaangoni bila mafuta. Vijiko vitatu vya maji, funika dakika 5, funua, kaanga vikauke na viwe rangi ya asali. Vikianza kushika chini, tia kijiko cha maji, kwangua, endelea. Vitachukua dakika 12 hivi. Kitunguu saumu na tangawizi vinaingia dakika mbili za mwisho, pamoja na bizari nyembamba vijiko viwili vya chai iliyokaangwa kavu na kutwangwa, na pilipili manga nusu kijiko.

Wenyeji watauliza: na nazi? Tunaipenda, na mbaazi za nazi zina heshima yake kwenye meza ya asubuhi. Lakini gramu 100 za tui zito zina kalori zinazokaribia 230, karibu mara mbili ya uzito huohuo wa maharage yaliyopikwa. Kwa baga hii, tunayoitaka iwe na kalori chache, nazi inapumzika.

Saa 4 asubuhi

Saa hii ndiyo yenye kazi yenyewe.

Kwanza gundi. Unga wa dengu gramu 60, maji baridi mililita 150, koroga mpaka visiwepo vidonge, kisha moto mdogo. Dakika ya tatu au ya nne uji unakuwa mzito na kuanza kuachana na kuta za sufuria. Epua. Kwa nini kuupika badala ya kumwaga unga mkavu? Kwa sababu wanga ukipikwa na maji hunata papo hapo, na kiasi kidogo kinafanya kazi ya kikubwa. Unga mkavu unasubiri moto ndipo ushike, na ndani ya baga moto hauufikii vizuri, ndiyo maana unasikia ladha ya dengu mbichi.

Watu wa Tanga wanajua bajia za kunde, na swali ni la haki: mbona bajia haina gundi yoyote na haivunjiki? Kunde za bajia zinasagwa mbichi, zimelowekwa tu. Wanga na protini zake bado hazijaguswa na moto, zinakuja kukamatana ndani ya mafuta. Maharage yetu yamekwisha kupikwa, nguvu hiyo yameiacha sufuriani, kwa hiyo yanahitaji msaada. Na usijaribu kusaga maharage mekundu mabichi kwa njia ya bajia. Ile sumu ya alfajiri haitaondoka kwa dakika chache za kukaangwa.

Sasa kuponda. Theluthi mbili za maharage zinapondwa zikiwa bado vuguvugu, kwa mchi au kwa uma imara. Theluthi iliyobaki inabanwa mara moja tu, ipasuke vipande viwili vitatu. Blenda iache kabatini. Inatoa rojo laini lisilo na mishiko, na katikati ya baga unakuta uji hata baada ya nje kuungua. Vipande ndivyo vinavyoshikilia umbo, rojo ndilo linalovigandisha, na mtama unaziba nafasi kama kokoto kwenye zege.

Changanya: maharage, mtama uliopoa, karoti, vitunguu, uji wa dengu, kotmiri iliyokatwa, chumvi gramu 15. Tumia mikono, dakika mbili, usikande kama chapati. Jumla inakaribia kilo 1.85.

Chukua tonge la ukubwa wa limau, lifinye mara moja, fungua kiganja. Tonge zuri linabaki na alama za vidole, ukingo una mipasuko midogo isiyozidi upana wa ukucha, na kiganja kinabaki na utepe mwembamba tu wa unyevu. Kiganja kikitoka kimepakwa matope, kuna maji: tandaza mchanganyiko kwenye kikaango cha moto mdogo dakika 5, upoe, upime upya. Likimong'onyoka, ponda maharage zaidi kidogo au ongeza maji vijiko viwili. Kisha choma moja ndogo uionje. Chumvi iliyopungua ni rahisi kuiongeza sasa. Baada ya kutengeneza 20, umechelewa.

Saa 5 asubuhi

Kila moja gramu 90, kwa mizani. Tunatumia kifuniko cha kopo chenye upana wa sentimita 9, ndani tumetandika mfuko mwembamba safi: jaza, bana kwa kiganja, vuta mfuko, imetoka duara yenye unene wa sentimita 1.2. Nyama husinyaa ikipikwa, maharage hayasinyai, kwa hiyo upana wake uwe uleule wa mkate. Pitisha kidole chenye maji kuzunguka ukingo kufuta mipasuko, maana hapo ndipo inapoanzia kuvunjika.

Zinatoka 20. Ziingie kwenye friji dakika 40, bila kufunikwa. Baridi inaukaza wanga, na uso unakauka. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa huhimili baridi yake kama saa 4.

Saa 6 mchana

Chuma cha chapati, moto wa kati. Tone la maji likidondoka lichemke na kutoweka, lisirukeruke kwa fujo. Paka kila baga nusu kijiko cha chai cha mafuta kwa brashi, pande zote mbili kwa jumla. Iweke, na usiiguse dakika 4 hadi 5. Mwanzo utasikia mlio wa mvuke, mwingi, kisha unashuka na kuwa mdogo mkavu. Huo mlio mdogo ndio ruhusa ya kugeuza. Ukigeuza mapema, nusu ya uso inabaki kwenye chuma. Geuza mara moja tu, dakika 4 nyingine. Ikiwa nje imekuwa nyeusi na ndani ni ya baridi, moto ulikuwa mkubwa. Kwa oveni ni nyuzi 200, dakika 22, ukigeuza katikati. Zinatoka kavu zaidi lakini zote zinaiva pamoja.

Hesabu yake: malighafi zote za baga hizi 20 zina kalori zinazokaribia 2,550, kila moja inapata kama 125. Mafuta ya brashi yanaongeza 20. Ukiizamisha kwenye karai na ikanywa gramu 10 tu za mafuta, umeongeza 90, maana kila gramu ya mafuta ina kalori 9.

Saa 7 mchana

Oda za wateja wetu wa Chumbageni na Raskazone, mitaa ya hapa mjini, zinaondoka sasa, na mengi yanaharibikia kwenye kufungasha. Baga ya moto ikifungiwa boksini, mvuke wake unailowesha. Ipumzike kwenye wavu dakika 4 kwanza. Mkate, gramu 60, unapashwa upande wa ndani kwenye chuma kikavu mpaka ushike rangi. Kachumbari inatiwa chumvi dakika ya mwisho, la sivyo inatoa maji na mkate unakuwa sponji. Tukiwa na safari ndefu tunaifunga pembeni.

Badala ya mayonezi tunapaka mtindi uliochujwa kwenye kitambaa saa moja, ukachanganywa na kitunguu saumu, limau na pilipili mbuzi. Kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 15. Mayonezi kijiko hichohicho ni zaidi ya 90. Baga nzima, mkate wa kalori 160 ukiwemo, inasimama kwenye 330 hivi. Anayetaka pungufu zaidi ale na nusu ya mkate, asiikate baga. Baga ndiyo yenye protini na nyuzinyuzi za kumshibisha mpaka jioni.

Saa 9 alasiri

Zilizobaki hazikai mezani zaidi ya saa 2. Mbichi zinagandishwa kwanza zikiwa zimetengana kwenye sinia, zikikakamaa ndipo zinapangwa na karatasi katikati. Zichomwe zikiwa bado zimeganda, moto mdogo kuliko wa kawaida, dakika 7 kila upande. Ukiziyeyusha, maji yanarudi na umbo linakwenda. Zilizopikwa zinakaa friji siku 3, na zikipashwa zipate moto mpaka katikati.

Saa 3 usiku

Mizani, gramu 500 za maharage ya kesho. Chagua mawe, ondoa yaliyotobolewa na wadudu na yaliyokunjamana. Maji lita 2, chumvi kijiko kimoja, kawa juu, mbali na joto la jiko.