Nilivyoifuatilia familia moja ya mikokoteni ya mwaka 1856

Aaron na Elizabeth Jackson walitoka Macclesfield, Uingereza, wakiwa na watoto watatu: Martha Ann wa miaka 7, Mary Elizabeth wa miaka 5 na Aaron mdogo wa miaka 2. Meli yao, Horizon, iling'oa nanga Liverpool tarehe 25 Mei 1856. Walikuwa wanakwenda Salt Lake, magharibi mwa Marekani, kwa Wamormoni wenzao, waumini wa dhehebu lao. Sehemu kubwa ya safari ya nchi kavu walitembea kwa miguu, wakivuta mizigo yao kwa mikokoteni. Baba hakufika. Wengi huandika kwamba aliuawa na baridi, wakaishia hapo. Nilitaka kujua zaidi: alidhoofika lini, kwa nini, na nani alikuwa naye. Njia niliyotumia inafaa kwa familia yoyote ya misafara ile.

Nilianza na majina, na hapo ndipo wengi hupotea. Mdogo wake Elizabeth alisafiri nao, na masimulizi humtaja kama Mary Leavitt. Leavitt ni jina la ndoa ya baadaye. Njiani alikuwa Mary Horrocks. Elizabeth naye, kwa vile aliolewa tena huko Ogden, utamkuta kama Horrocks, Jackson au Kingsford. Kila mwanamke nilimwekea mstari mmoja wenye majina yake yote. Usipofanya hivyo, mtu mmoja anageuka watatu, na wawili kati yao unadhani wamefia njiani.

Kisha msafara wenyewe. Akina Jackson waliingia kundi la Edward Martin, watu zaidi ya 570. Kundi la James G. Willie, lililotangulia, liliacha kumbukumbu ya kila siku: maili walizotembea, walipolala, nani kafa. Kwa kundi la Martin nilitegemea shajara ya John Jaques na masimulizi ya walionusurika, mengine yameandikwa uzeeni. Mzee anaweza kukosea tarehe, lakini usiku aliofiwa haukosei. Kwa hiyo nilipigilia kwanza siku zinazojulikana: kufika Fort Laramie, ngome iliyokuwa njiani, 8 Oktoba, kuvuka mto North Platte 19 Oktoba, kufika Salt Lake 30 Novemba. Matukio mengine niliyapanga katikati. Jihadhari pia na misafara ya magari ya maksai ya Hodgetts na Hunt iliyosafiri karibu nao. Wafu wao huchanganywa na wa Martin, na hiyo ni sababu mojawapo ya hesabu ya waliokufa katika kundi la Martin kutofautiana, kati ya 135 na 150.

Kwenye mizigo ndiko nilikokaa sana. Ukisikia mkokoteni usifikirie ule wa Kariakoo, wenye ekseli ya chuma, beringi na matairi ya mpira. Huu ulikuwa wa mbao, magurudumu mawili, na ile ya makundi ya mwisho iliundwa harakaharaka Iowa City, mji walikoanzia kuvuta mikokoteni, kwa mbao mbichi. Mbao mbichi ikikaushwa na hewa ya nyika hunywea. Njiti za gurudumu zinacheza, gurudumu linapinda. Mchanga ukiingia kati ya ekseli na kitovu cha gurudumu, husaga kama msasa. Walipaka sabuni, na hata mafuta ya nyama ya nguruwe ambayo wangeyala, lakini mafuta hayohayo yakanasa mchanga zaidi.

Utaratibu ulikuwa watu watano kwa mkokoteni na 20 kwa hema. Mtu mzima aliruhusiwa pauni 17 za nguo na matandiko, yaani kilo 7.7. Florence, kwenye ukingo wa mto Missouri, kila mkokoteni ukaongezewa gunia la unga la kilo 44 hivi. Tarehe 17 Oktoba, huko Deer Creek, wanyama na watu wakiwa hoi, mzigo ulipunguzwa: pauni 10 kwa mtu mzima, pauni 5 kwa mtoto. Kilichozidi kilichomwa moto. Toa 10 kwenye 17: kila mtu mzima alipoteza kilo 3.2, uzito wa blanketi zito na koti. Theluji ilianguka tarehe 19, siku ileile ya kuvuka mto. Niliziandika tarehe hizo mbili kwenye mstari mmoja, na bado naona uchungu kuzisoma.

Unga nao una hesabu yake. Mgao wa mtu mzima ulianza kama pauni moja kwa siku, gramu 454, ukashuka hadi robo tatu, kisha nusu, na ulipofika chini kabisa, mwezi Novemba, ukawa gramu 113, mtoto nusu ya hapo. Kila gramu ina kalori kama 3.6, kwa hiyo mtu alitoka kwenye kalori 1,600 hadi kama 400. Pima gramu 113 za unga wa ngano kwenye mizani, ukande: ni chapati mbili nyembamba, tena bila mafuta, za kutwa nzima. Kundi la Willie liliwapa wanaume unga zaidi ya wanawake, na bado wanaume ndio waliokufa kwa wingi zaidi. Mwili wao ni mkubwa na hauna akiba kubwa ya mafuta, na wao ndio waliokata kuni, wakalinda usiku na kuchimba makaburi.

Aaron baba alifika mto North Platte tayari anaumwa. Alijaribu kuvuka kwa miguu, nguvu zikamwishia kwenye kisiwa cha mchanga, akaanguka. Mary, mdogo wake Elizabeth, aliingia majini akamwinua, kisha mpanda farasi akambeba hadi ng'ambo. Siku chache baadaye Elizabeth alipika kidogo kilichokuwepo. Mume hakuweza kumeza. Elizabeth akajilaza bila kuvua nguo. Kama usiku wa manane aliamka, akasikiliza pumzi za mumewe, hakusikia kitu. Alimgusa: wa baridi, amekakamaa. Aliita watu, lakini taa haikuwepo, akabaki na maiti hadi kukapambazuka. Asubuhi walimfunga kwenye blanketi, wakamlaza na wengine 13, wakawafunika kwa theluji kwa sababu ardhi ilikuwa imeganda. Kwa hiyo kwenye jedwali lako, safu ya kaburi, usiandike "halijulikani". Andika hivyo ilivyokuwa.

Usiku mwingine wanaume hawakuwa na nguvu ya kusimamisha hema. Elizabeth alikaa juu ya jiwe hadi asubuhi, mtoto mmoja mapajani, mmoja kila upande.

Magari ya kwanza ya msaada yalitoka Salt Lake tarehe 7 Oktoba, siku tatu tu baada ya habari za makundi yaliyokuwa bado njiani kumfikia Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni. Theluji ilikuwa haijaanza. Yangengoja theluji, orodha ya waliofika ingekuwa fupi zaidi.

Kwenye orodha hiyo utaona jina la Aaron Jackson. Usimhesabu baba kuwa alinusurika. Angalia umri: ni yule wa miaka 2.