TV "ya 4K" isiyo 4K: usikubali kusukumwa kwenye waranti

Sentensi inayowaponza wanunuzi wengi kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme ni fupi: "Hii TV ina shida." Ukishaitamka, mhudumu anafungua daftari la waranti, anakuandikia kikaratasi, TV inapelekwa kwa fundi. Fundi anaiwasha, inawaka. Anaandika kwamba haina hitilafu. Wiki mbili zimekwisha, TV imerudi ile ile, na sasa msumbufu ni wewe.

Na kweli haina hitilafu. Inafanya kazi vile ilivyoundwa. Lakini tangazo lilisema ni 4K, yaani skrini yenye pikseli nyingi zaidi, nayo si 4K. Waranti ni ya kitu kilichoharibika. Hapa umepewa kitu kingine, si kile ulichoahidiwa, na dai lake lina njia yake. Kwa hiyo ukifika kaunta sema hivi: "Bidhaa hii hailingani na maelezo mliyoitangazia. Naikataa, nirudishieni pesa." Usitaje fundi wala waranti. Wakikupa fomu ya matengenezo, usiitie sahihi.

Nazungumzia Kenya. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, kinasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni sharti la mkataba kwamba ilingane na maelezo hayo. Sharti hilo halijali kama muuzaji alikusudia kudanganya. Hata kama kijana wa mitandao wa duka alinakili tu maneno ya msambazaji bila kuyasoma, anayejibu ni duka, kwa sababu pesa ulilipa duka. "Nenda kwa aliyeitengeneza" si jibu. Huyo hujawahi kufanya naye mkataba. Juu ya hiyo iko Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012, inayohesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuwa mwenendo usio wa haki, na inampa mnunuzi ruhusa ya kuuvunja mkataba akitoa notisi ndani ya mwaka mmoja. Haki hizo haziondolewi na maandishi ya duka. Kile kibao cha "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" kinamzuia aliyebadilisha nia, aliyegundua kwamba rangi haiendani na makochi. Kwa aliyeuziwa kisicho chenyewe ni pambo la ukuta.

Lakini kabla ya kwenda kupiga meza, hakikisha tangazo ni la uongo kweli. Hapa ndipo watu huaibika.

Flashi ya GB 128 ukiichomeka kwenye Windows huonyesha kama 119. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Ya wizi ni ile inayoonyesha 119 vizuri kabisa, ila ukishaweka GB 8 au 16 inaanza kuandika juu ya faili za kwanza. Kuitazama hakutoshi, lazima ijazwe. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, zote za bure, huijaza data hadi pomoni kisha huisoma upya na kukuambia ni kiasi gani kilichopotea. Piga picha ya matokeo, flashi ikionekana.

Pawabenki ni hadithi nyingine. "mAh 20,000", yaani kiasi cha chaji, huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, ilhali simu inapokea kwa volti 5. Piga hesabu: 20,000 kwa 3.7 ni wati-saa 74. Gawa kwa 5 unapata mAh 14,800, na bado kuna umeme unaopotea kama joto. Ukipata 12,000 hivi kwenye simu, duka halijakudanganya. Kipimo cha haraka ni mizani ya jikoni. Betri moja ya duara ya aina ya 18650 huwa na gramu 45 hivi, na zile bora kabisa hubeba kama mAh 3,500. Ili kufika 20,000 unahitaji sita, yaani gramu 270 kabla hujahesabu ganda na saketi. Pawabenki ya "20,000" yenye gramu 150 haihitaji fundi. Piga picha ikiwa juu ya mizani, nambari zikisomeka.

Kwa TV, 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Full HD ni 1920 kwa 1080, karibu milioni 2.1, yaani robo tu. Ujanja uko kwenye neno moja la tangazo: TV "inakubali 4K", maana yake inaipokea picha ya 4K kisha inaipunguza hadi ukubwa wa skrini yake. Ndiyo maana ukibonyeza kitufe cha maelezo kwenye rimoti unaweza kusoma 2160 na skrini ikawa ya Full HD. Kuna njia mbili za kuiumbua. Ya kwanza, tazama lebo iliyo nyuma, andika nambari ya modeli, tafuta kitabu chake kwenye tovuti ya mtengenezaji na usome mstari wa pikseli za skrini. Ya pili, unganisha laptopu inayotoa 4K kwa waya wa HDMI, iweke kwenye 3840 kwa 2160, fungua picha yenye mistari meusi na meupe yenye upana wa pikseli moja moja. Skrini ya kweli inaionyesha kila mstari ukisogea karibu. Ya uongo inakuonyesha uji wa kijivu. Usitumie flashi kwa jaribio hili, maana kichezeshi cha TV chenyewe huweza kuipunguza picha, na duka likikujibu hivyo litakuwa na hoja. Inchi nazo hupimwa kwa mshazari wa skrini bila fremu: 32 ni sentimita 81, 43 ni 109, 55 ni 140. Upungufu wa sentimita moja ni wa kawaida. Upungufu wa kumi ni TV nyingine.

Simu inayotangazwa "RAM 16", yaani GB 16 za kumbukumbu ya kazi, mara nyingi ni 8 za kweli na 8 za kuazimwa kwenye hifadhi. Tangazo likiandika "8+8", dai lako limekwisha makali. Likiandika 16 peke yake, unalo. Na maneno kama "TV bora Nairobi nzima" si maelezo, ni majigambo. Hakuna mahakama itakayokurudishia pesa kwa hayo.

Muda ndio unaoua madai mengi. Ukishaikubali bidhaa, chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa unapoteza nafasi ya kuirudisha na unabaki na fidia tu. Kuikubali si lazima utamke: ukikaa nayo kupita muda wa kuridhisha bila kusema lolote, au ukiitendea kama yako kabisa, kwa mfano ukiiuza au ukiibadilisha programu, umeikubali. Sheria inakupa nafasi ya kuikagua kwanza, kwa hiyo fanya vipimo siku ile ile au kesho yake. Usitupe katoni wala kubandua stika. Ukishaikataa huna wajibu wa kuibeba hadi dukani. Yatosha kuwaarifu kwamba umeikataa. Ila mimi ningeshauri uirudishe kama si nzito, mradi wakuandikie kwamba wameipokea kwa sababu ya "kutolingana na maelezo", si "matengenezo". Ukiipenda licha ya yote, baki nayo udai tofauti ya bei: chukua bei zilizoandikwa za maduka mawili mengine kwa bidhaa kama hiyo uliyopewa hasa, utoe kwenye thamani ya ile uliyoahidiwa.

Tangazo lenyewe ndilo ushahidi, nalo hufutwa upesi kuliko unavyodhani. Chapisho la stori na status ya WhatsApp hujifuta baada ya saa 24. Piga skrinishoti kabla ya kulipa, anwani ya ukurasa, jina la akaunti na tarehe vikionekana. Rekodi skrini ukianzia ukurasa wa duka hadi kwenye tangazo, ili wasije wakasema picha imetengenezwa. Kama ni mazungumzo ya WhatsApp, yahamishe yote kama faili, na hakikisha jumbe za kujifuta zimezimwa. Kama bei na maelezo viko kwenye kikaratasi cha rafuni, kipige picha kikiwa pamoja na bidhaa. Shauri likifika mahakamani, ushahidi wa kielektroniki huambatanishwa na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: ukurasa mmoja unaosema simu gani ilitumika, nani aliyepiga, lini, na kwamba simu ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Kiandike mapema ukingali unakumbuka.

Sasa, unamdai nani? Jina lililo kwenye bango la duka mara nyingi si jina la mtu wala kampuni. Anza na ujumbe wa M-Pesa: jina linalotokea baada ya nambari ya till ni mwanzo mzuri. Risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA, ni bora zaidi kwa sababu ina PIN ya KRA ya muuzaji, na PIN hiyo ukiihakiki kwenye iTax, tovuti ya kodi, inakupa jina lililosajiliwa. Kama ni kampuni, CR12, yaani hati ya taarifa za kampuni, kutoka Huduma ya Usajili wa Biashara kwenye eCitizen itakuonyesha wakurugenzi. Ndiyo sababu ya kuidai risiti hata mwenye duka akikuambia bei ni nafuu bila risiti. Nafuu hiyo ni bei ya kumfanya asijulikane.

Barua ya madai isizidi nusu ukurasa. Kwa mfano:

"Tarehe 3 nilinunua kwenu TV ya inchi 43 kwa KSh 32,000, risiti nambari hii na malipo ya M-Pesa nambari hii. Tangazo lenu la tarehe 1, ambalo nakala yake nimeiambatanisha, lilieleza kuwa ni ya 4K. Kitabu cha mtengenezaji kinaonyesha skrini ya pikseli 1920 kwa 1080. Bidhaa hailingani na maelezo. Naikataa na nauvunja mkataba. Iko tayari kuchukuliwa. Nirudishieni KSh 32,000 kwa nambari iliyolipa ndani ya siku 7, la sivyo nitafungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo pamoja na gharama."

Itume kwa WhatsApp na barua pepe, kisha peleka nakala mbili dukani, moja wagonge muhuri na kuandika tarehe. Usitukane. Usitishie polisi. Na usijaribu kutuma ujumbe wa malipo kwa 456, nambari ya Safaricom ya kurudisha pesa za M-Pesa, ukidai ulikosea nambari. Huduma ile ni ya aliyekosea kweli, na ukiitumia vibaya unalipatia duka sababu ya kukuita tapeli wewe. Kama ulilipa kwa kadi, iandikie benki yako uombe malipo yarudishwe kwa sababu bidhaa haikulingana na maelezo; dirisha kwa kawaida ni siku 120, lakini usilisubiri lifike mwisho.

Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 na imeenea kaunti nyingi. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Huhitaji wakili, na Kiswahili ni lugha inayokubalika humo. Panga karatasi kwa mfuatano wa tarehe: tangazo, malipo, kipimo, barua, jibu lao au kimya chao. Mwamuzi akiona tangazo na lebo ya nyuma ya TV katika ukurasa mmoja, ubavu kwa ubavu, hana mengi ya kukuuliza. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo hupokea malalamiko kuhusu matangazo ya kupotosha, kwa kuwa ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani, lakini ipelekee kwa ajili ya kulikomesha duka. Pesa zako zifuate mahakamani. Na kama tangazo lilijigamba kwa alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, tuma SM# ikifuatwa na nambari ya kibali kwenda 20023 uone ni ya nani.

Bei ni jambo tofauti, na wengi huzichanganya. Tangazo likisema 15,999 na kaunta ikadai 19,999 kabla hujalipa, huwezi kulilazimisha duka likuuzie. Katika sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, bei ya rafuni ni mwaliko wa kununua. Ofa unaitoa wewe, na duka lina uhuru wa kuikataa. Unachoweza ni kuondoka na kulishtaki tangazo kwa Mamlaka kama ni chambo. Ukishalipa na wakapokea, hawawezi kukufuata wakiomba nyongeza, isipokuwa kosa lilikuwa la wazi kiasi kwamba ulijua unawavizia. Singapore mwaka 2003 printa za dola 3,854 ziliwekwa mtandaoni kwa dola 66, watu sita wakaagiza zaidi ya 1,600, wakashindwa hadi rufaa. Friji ya KSh 1,500 usiijengee matumaini.

Mara nyingi duka hupiga simu baada ya barua, kabla ya kesi. Watakupa vocha, si lazima uichukue. Watakupa TV nyingine. Ikubali tu baada ya kuipima hapo hapo. Wakikubali kurudisha pesa watakutaka utie sahihi kwamba huna dai tena. Tia sahihi baada tu ya ujumbe wa M-Pesa kuingia, na TV itoke mlangoni kwako baada ya hapo.