Deni nililolikuta kwenye kiwanja

Tulipopata nyumba kaskazini mwa Dallas, dalali wetu, dada kutoka Kisii, alinitumia rundo la fomu usiku. "Kaka, tia sahihi kabla hujalala." Mkataba wenyewe tulikuwa tumeshausaini wiki iliyotangulia. Katikati ya fomu ya mchwa na ya bwawa la kuogelea nikakuta ukurasa mmoja: kiwanja kimo ndani ya PID, eneo maalumu linalotozwa gharama za miundombinu, na nyumba ya asiyelipa inaweza kupigwa mnada.

Nikalala bila kutia sahihi.

Asubuhi nikapiga simu manispaa. Msimamizi wa eneo lile akanitumia barua ya salio: dola 27,400, awamu 21 zimebaki. Pesa hizo zilijenga barabara na mabomba ya mtaa, na baraza la mji lilikuwa limezigawa kwa kila kiwanja kabla msingi wa nyumba haujachimbwa. Kwa sheria ya Texas, Sura ya 372, ardhi inashikwa na deni hilo tangu siku azimio la tozo linapopita. Anayehama analiacha hapo hapo. Benki inayotukopesha iko nyuma yake kwenye foleni ya kulipwa. Zinazolitangulia ni kodi za jimbo, kaunti, shule na mji tu. Hata nyumba ikipigwa mnada kwa sababu ya kodi, awamu ambazo hazijaiva zinamsubiri mnunuzi mpya. Kwetu Kenya, angalau, kuhamisha hati kunataka cheti cha kaunti kwamba kodi ya ardhi imelipwa!

Muuzaji alijitetea, "Hiyo ni kodi tu." Kodi gani yenye salio?

Kilichonipa mpini ni tarehe. Tangu Septemba 2021 muuzaji anatakiwa kumpa mnunuzi taarifa ya PID kabla mkataba haujamfunga, la sivyo mnunuzi anaweza kuuvunja. Yetu ilikuja imechelewa wiki nzima. Nikamwambia dalali aandike: muuzaji apunguze dola 15,000, au tuvunje mkataba na amana yetu irudi. Alinung'unika, "Kaka, utaikosa nyumba." Siku tatu kimya. Mke wangu akaanza kutafuta nyumba nyingine kwenye simu.

Jumatatu muuzaji akakubali 11,000.

Sheria inaruhusu kulipa salio lote wakati wowote, lakini hatukuwa na uwezo huo. Benki inakusanya kidogo kidogo kila mwezi, inalipa kabla ya Januari 31. Sasa zimebaki awamu 18.