Nilivyopanga safari ya mlimani theluji ikiwa bado haijaisha

Msimu ukiwa ndio kwanza unafunguka, ramani ya hifadhi ya mlimani si ya kuaminiwa sana. Njia imechorwa wazi, kumbe huko juu kipande kizima kimefukiwa na theluji. Kwa hiyo kabla ya kugusa begi nilimpigia simu askari wa hifadhi anayeshughulikia vibali, nikamuuliza theluji inaanzia mwinuko gani. Jibu lake nikalifuatisha kwa kalamu nyekundu juu ya kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko, na ule mzunguko nilioupenda, unaopita katikati ya vilele viwili, ukakatika palepale. Tukabaki na njia ya bondeni, kwenda na kurudi. Wenzangu walinung'unika, mimi naona wakati wa kurudi, bonde likitazamwa kutoka juu, ni bonde jingine.

Kilichonikalisha chini ni mto tuliopaswa kuuvuka njiani. Maji ya theluji hupanda kadiri jua linavyopasha mlima, hivyo mto unaofura saa kumi jioni huwa umetulia alfajiri. Theluji nayo ni vilevile: usiku hushikana ikabeba mtu, mchana unazama hadi mapajani. Basi nikapanga usiku wa kwanza tulale upande wa huku, tuvuke kukipambazuka, na siku ya kurudi tuondoke kambi ya juu gizani ili tuufikie tena mapema. Mwendo nilipima kwa kanuni ya Naismith, mpanda milima Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Penye theluji nikazidisha mara mbili.

Chakula hakikunisumbua. Gesi ndiyo ya kuangalia, maana butani hukosa nguvu joto likikaribia nyuzi 0. Nilichukua mtungi uliochanganywa propani, gesi isiyoshindwa upesi na baridi, na usiku nikalala nao ndani ya begi la kulalia. Miwani ya jua nayo, hata kukiwa na mawingu.

Ratiba nilimwachia dada yangu, pamoja na namba ya ofisi ya hifadhi na saa ya kuipiga asiponisikia.

Tulipofika mtoni alfajiri, mawe ya ukingoni yalikuwa na utando wa barafu, na alama ya maji ya jana jioni ilionekana usawa wa kiuno. Tulifungua mikanda ya mabegi kifuani na kiunoni, tukaelekeza nyuso maji yanakotoka, fimbo mbele. Maji hayakufika magotini.