Vitanda vimepungua, watoto wameongezeka

Leo nimeshinda ofisini kwenye kituo chetu cha watoto napanga mafaili, mvua imepiga Tanga toka alfajiri, bas nikalikuta lile kaunta buku letu la mwanzo limelowa pembeni. Ukurasa wa kwanza una majina saba tu, mwandiko wa mama mmoja wa Makorora aliyekuwa anawapikia uji kibarazani kwake watoto waliokuwa wanatoka Deep Sea, kule soko la samaki, asubuhi wananuka dagaa, wamebeba ndoo za watu usiku kucha na hawajatia kitu mdomoni. Ndo tulipoanzia. Sufuria moja na vikombe vya kuazima.

Sa hivi tuna ofisi, tuna usajili, dada wa ustawi wa jamii tukimpigia anapokea, na 116, ile namba ya bure ya huduma kwa mtoto, tumeibandika mpaka kwenye mabanda ya chipsi. Tumekua, namshukuru Mungu. Ila wageni wakija swali lao la kwanza ni mna vitanda vingapi, na vitanda sisi tumepunguza, afu mmoja mwezi uliopita akaniambia mbona mnarudi nyuma. Sikumjibu vizuri siku ile, nilikuwa nimechoka, na limenikaa rohoni mpaka leo.

Mtoto analala kituoni pale kwingine kote kuliposhindikana. Sheria ya Mtoto ya 2009 yenyewe inampa haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na hawa wetu wengi wana watu wao, yani ana bibi Pongwe, ana shangazi Muheza, ana baba mdogo kibarua kwenye mkonge. Kilichomtoa nyumbani ni njaa, au kipigo, au mama kaolewa kwingine na mume hamtaki mtoto. Toka 2016 ada hamna mpaka kidato cha nne lakini sare na madaftari vinamsubiri bibi ambaye hata sabuni anakopa. Kwaiyo tunamfuata huyo bibi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, tunakaa na mjumbe, tunauliza majirani nani anaishi humo ndani. Kuna nyumba nimekataa kabisa mtoto asirudi na sijutii hata kidogo. Hii kazi haina picha nzuri ya kumuonyesha mfadhili, ila ndo iliyofanya daftari lijae.

Kuna kijana mmoja alipokuja kwetu alikuwa analala na yeboyebo zake kaziweka chini ya shingo, ukimwambia aziache mlangoni anakutazama tu. Bibi yake tulimpata Pongwe baada ya kuzunguka sana. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Hata hakuitikia, akauliza, "Anakula?" Nikamwambia anakula bibi, akakaa chini palepale mlangoni akajifunika uso na kanga.

Alirudi kwake mwaka jana, na jina lake bado liko kwenye daftari maana tunaendelea kwenda. Jumamosi nimepita, bibi anakuna nazi, akanikaribisha, "Pita mwanangu, usimwamshe mwenzio." Kijana kalala kwenye mkeka saa nane mchana mdomo wazi, na yeboyebo ziko nje kizingitini, moja imepinduka.