Mama Kalipishwa Kiti

Mamangu amerudi Malindi wiki mbili zilizopita, lakini ile risiti bado nimeibandika kwenye friji. Kila nikifungua kutoa maziwa naiona: coperto, watu 5, euro 17.50. Na kila nikiiona roho yanipanda.

Kwa asiyejua, coperto ni pesa ya kukaa. Si ya chakula, si ya maji, wala si bakshishi ya weita. Umeingia mkahawani hapa Italia, umevuta kiti, umetandikiwa kitambaa na kuwekewa kikapu cha mkate ambao hukuuagiza, basi ushaanza kudaiwa kabla hujasema bismillahi. Euro tatu na nusu kila kichwa. Zidisha mwenyewe, kisha ufikirie sinia la pilau na kachumbari yake. Mwanangu mdogo ana miaka minne, alikula vipande sita vya viazi vya kukaanga, nilimhesabia, naye kaandikiwa kiti. Kiti gani sijui, maana muda wote alikuwa mapajani mwa nyanyake.

Mimi niko Bergamo mwaka wa tisa huu, nafanya kazi ghala karibu na uwanja wa ndege, coperto naijua. Nilikwisha kuizoea kama mtu anavyozoea mbu. Kilichonichoma safari hii ni kulazimika kuifasiri kwa Kiswahili mbele ya mamangu.

Ilikuwa Jumapili, tukasema mama asirudi bila kuona maji, maana mtu wa Shella ya Malindi ukimfungia kwenye ghorofa ya tatu miezi miwili anapauka. Tukaenda Ziwa Iseo, tukapanda feri pale Sulzano, dakika chache tu, tukashuka Monte Isola. Ni kisiwa kilicho katikati ya ziwa, na magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Mama akatazama vichochoro vile vya mawe, watu wanatembea kwa miguu, nyavu zimeanikwa ukutani, akasema, “Hii Lamu hii. Punda wamewapeleka wapi?”

Mbele kidogo akasimama, akanishika mkono. Kando ya maji palikuwa na fito zimepindwa kama upinde, na kwenye kila fito samaki wadogo wametungwa safu kwa safu wanakauka juani.

“Ng'onda!”

Kweli, ni ng'onda. Wale samaki wa ziwani wanawatia chumvi, wanawaanika, kisha wanawalaza ndani ya mafuta ya zeituni wakae miezi. Wakitaka kuwala wanawapitisha kwenye makaa na kuwaweka pamoja na polenta. Na polenta, kwa mtu wa kwetu, usimzunguke kwa maneno mengi: ni sima. Unga wa mahindi ya manjano, maji, chumvi, mwiko, na dakika arobaini za kusonga. Hapa Bergamo wanajivunia polenta kama wenyewe Lamu wanavyojivunia halua. Nilipofika mara ya kwanza, mwenzangu mmoja kazini alinieleza kwa fahari dakika kumi nzima chakula hiki ni cha namna gani. Nilimwacha amalize, ndipo nikamwambia bibi yangu alikuwa akiwapikia kuku wake.

Basi menyuni: ng'onda na sima, euro 16. Mama akauliza mara mbili kama nimesoma sawa. Nikamwambia leo ni siku yako, agiza. Akaagiza.

Maji kwanza. Weita akauliza ya kawaida au ya gesi, mke wangu akajibu haraka bila kufikiri, yakaja ya gesi. Mama akapiga funda moja, akarudisha glasi mezani taratibu. “Maji yenu yamechacha.”

Kisha sahani ikafika. Ng'onda watatu, wembamba, ngozi imeng'aa kwa mafuta, juu wamenyunyiziwa vitunguu saumu na majani yaliyokatwa madogo, na pembeni vipande viwili vya sima vilivyobanikwa hadi vikapata mistari. Mama alimgeuza mmoja kwa kidole, akamnusa, akachambua mwiba wa kati akautoa mzima kama mtu anayevua pete, akala. Sote tukimwangalia. “Samaki mzuri,” akasema, “lakini ndimu wamesahau.” Akaomba pilipili. Weita akaja na kile kinu cha pilipili manga chenye urefu wa mkono wangu, akakizungusha kwa madaha juu ya sahani. Mama akamshukuru, akangoja aondoke, akafungua mkoba, akatoa kichupa cha achari ya ndimu aliyotoka nayo nyumbani. Yule kijana aliporudi na mkate akaona ule mchuzi mwekundu umeenea juu ya samaki wake. Hakusema kitu, lakini uso ulisema.

Tukala, tukashiba, wallahi sikatai. Ikaja bili. Mama hajui kusoma Kitaliano, ila tarakimu azijua, na hajawahi kuacha bili impite bila kuihesabu, iwe ya stima au ya harusi.

“Hii kumi na saba na nusu ni ya nini?”

“Ya kukaa, mama.”

Akakitazama kiti. Akamtazama mjukuu mapajani. “Ungetwambia mapema, mwanangu. Tungelikula wima.”

Akachukua vipande vyote vya mkate vilivyobaki, akavifunga kwenye leso ya karatasi, vikaingia mkobani pamoja na achari. Aliangalia na kitambaa cha meza, mke wangu akamwahi.

Sasa nifikirie nilivyojisikia. Mimi nimelelewa na mwanamke ambaye akiwa anakula na mtu akapita mlangoni, hata muuza maji, lazima amwambie karibu. Na nikiwa mkweli, si kila karibu ya kwetu ni ya dhati, zingine mtu hutamka huku akiomba Mungu ujibu “nimeshiba”. Lakini hutamkwa! Na ukivua viatu kweli ukaingia, sinia husogezwa, magoti hubanana, mtu hukusukumia mnofu upande wako bila kusema lolote. Sijawahi kuona sinia la watu wanne lililomshinda wa tano.

Na sisi Wamalindi ndio wa kwanza kabisa kuharibiwa na ukarimu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika, ametoka Mombasa ambako hawakupatana, mfalme wa Malindi alimpelekea kondoo na viungo, karafuu, bizari, tangawizi, na mwishowe akampa na rubani wa kumfikisha India. Hakuna aliyemwandikia kiti. Nguzo yake iko pale mpaka leo, twapigia picha. Hawa wenyeji wangu wa sasa nao walikuja miaka ya 1960 kurusha setilaiti zao Ngomeni. Mwaka 1970 wakarusha pale na ya Wamarekani, iliruka siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Baada yao wakaja wa hoteli na wa pizza, hadi mtoto wa Malindi anajua “ciao” kabla ya kujua hesabu. Miaka yote hiyo wamekaa ufuoni kwetu kutwa, na mchanga hauna coperto.

Lakini ngoja niwe mwadilifu kidogo, maana mke wangu akisoma atasema nimezidi. Kuna jambo lilinichukua miaka kulielewa. Asubuhi Waitaliano hunywa kahawa wima. Utawaona wamejipanga kaunta, kikombe kidogo kama finjani, mafunda mawili, wametoka. Mimi nilidhani ni haraka ya kazi. Kumbe ukinywa umesimama ni euro moja na senti kidogo, ukienda kuketi mezani mahali pengi bei ni nyingine, na pale uwanja wa watalii hupanda mara tatu au nne. Kwa hiyo nao wanaikwepa pesa ya kukaa kama sisi. Mkoa wa Lazio, kwenye mji wa Roma, waliipiga marufuku kwa sheria mwaka 2006, ndipo wenye mikahawa wakaanza kuandika “mkate” badala yake. Mtu ni mtu. Ila nikimkumbuka muuza kahawa wetu na dele lake, makaa yanawaka chini, finjani zinagongana mkononi, kahawa tungu kwa kashata, na wazee wameikalia ile baraza tangu alasiri mpaka isha kwa finjani mbili tu, naona tumepewa kitu ambacho hatukujua kina bei.

Wadogo zangu mnaoniandikia kila siku “broo, nitoe”, hebu sikilizeni maana najua mmefungua hapa kutafuta hayo. Kibali cha kazi huanzia kwa mwajiri wa huku, si kwa jamaa wa Mombasa anayetaka umtumie amana. Ukifika na viza ya kazi, una siku chache tu kuomba kibali cha kukaa. Ndiyo, hata nchi yenyewe ina karatasi ya kukaa, na inalipiwa. Nyama na maziwa usibebe, watakunyang'anya. Samaki mkavu waruhusiwa hadi kilo 20, mfunge vizuri usije ukanukisha ndege nzima mpaka Milano. Na matunda, hapa sikilizeni vizuri: mamangu alifika uwanja wa ndege wa Malpensa na embe ngowe kumi, kazichagua moja moja, zikatiwa zote kwenye pipa mbele ya macho yake kwa kukosa cheti cha afya ya mimea. Nazi zake sita zikapita. Tende zikapita. Sheria ya Ulaya inasamehe matunda matano tu: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Yule aliyeiandika, nasema mimi, alinyonyeshwa pwani.

Nazi hizo ndizo zilizoleta kisa cha pili. Mama alikuwa amebeba na mbuzi yake ndani ya sanduku, imefungwa kanga mbili. Siku ya tatu akakaa juu yake jikoni kukuna. Kwanza akavunja nazi, pa! pa!, kwa mgongo wa panga letu la jikoni, na hapo hapo mlango ukagongwa. Bibi wa ghorofa ya chini, yuko peke yake, wa miaka themanini na ushee. Miaka tisa tumesalimiana ngazini tu. Nikajua kaja kulalamika kelele, nikaanza kuomba radhi. Mama kutoka jikoni akasikia sauti ya mwanamke. “Nani huyo unamsimamisha mlangoni? Karibu! Karibu, kaa!”

Bibi hakuelewa neno, ila mkono unaovuta kiti haufasiriwi. Akaingia, akakaa. Alikuwa kweli kaja kulalamika, alinikiri baadaye. Akabaki akitazama meno ya ile mbuzi yanavyoshusha nazi kwenye sinia kama theluji, akaomba kujaribu. Tukamkataza, magoti yake hayatamwinua.

Mama alikuwa anapika tambi za sukari. Akachukua pakiti ya tambi nyembamba, akaishika kwa mikono miwili, akaivunja kati. Bibi akashika kifua. Mama akadhani kapatwa na moyo, akakimbilia maji. La, hapa kuvunja tambi ni dhambi, mtu anaweza kukununia. Halafu akamwona anazikaanga kavu kwenye mafuta mpaka zikawa kahawia, akatia tui, sukari, iliki, zabibu. Bibi alikuwa akitikisa kichwa kama aliye matangani. Tukampakulia. Akala kijiko kimoja kwa adabu. Cha pili sijui kilikuwa cha adabu au la. Tukamfungia sahani ashuke nayo.

Ikarudi kesho yake, imeoshwa ikang'aa, tupu. Mama hakusema kitu kutwa nzima. Usiku ndipo akanong'ona, “Sahani tupu, mwanangu? Hata chumvi?” Nikamweleza huku hawana desturi hiyo, kurudisha sahani safi ndiyo heshima yao. Hakukubali. Wiki nzima alikuwa akilitaja jambo hilo kama mtu aliyepokonywa shamba.

Jumapili iliyofuata bibi akapanda ngazi zote zile amekumbatia sufuria ya shaba, imefunikwa taulo, mvuke unatoka. Mama akafunua. Akanigeukia macho makubwa. “Kaniletea sima.” Akaingiza kidole pembeni, akaonja. “Na imeiva.”

Tangu hapo ikawa kila Jumapili, hata sasa mama hayupo. Mimi ndiye nakuna, nazi za dukani, euro mbili na nusu moja na mara nyingine ukiivunja yanuka. Juzi bibi amekuja saa yake ile ile na sufuria yake, akavuta kiti chake cha pembeni ya dirisha. Kabla hajakaa, yule mwanangu wa miaka minne, ambaye mwezi mzima hajasikia kwangu ila habari ya ile risiti, akamsimamia mbele, akanyoosha kiganja: “Tatu na nusu.”

Nikataka ardhi ipasuke. Bibi akafungua kibeti chake, akatafuta, akampa euro mbili, akamwambia zilizobaki atalipa Jumapili ijayo.